Simu Mbele ya Mchoro: Uhalisia Ulioboreshwa Unaiongezea Sanaa Nini?

Machi 2018, mgeni aliyeingia chumba cha picha za Jackson Pollock katika makumbusho ya MoMA, New York, angeweza kuona maonyesho mawili mahali pamoja. Ya kwanza yalikuwa yale aliyoyakatia tiketi: turubai kubwa zenye michirizi ya rangi iliyomwagwa. Ya pili yalimjia mwenye programu ya MoMAR peke yake. Akiinua simu na kuielekeza ukutani, picha ya Pollock inafunikwa kwenye kioo na kazi ya msanii mwingine ambaye makumbusho hayakumwalika. Kundi lililotengeneza programu hiyo halikuomba ruhusa. Hakuna tone la rangi lililoguswa wala msumari uliopigwa, na mlinzi wa chumba hakuwa na kitu cha kuzuia.

Mjadala uliofuata haujatulia hadi leo, na sehemu ya tatizo ni kwamba wanaobishana hawazungumzii kitu kimoja. Ukumbi unaomulika picha za Van Gogh kuta nzima unaitwa uhalisia ulioboreshwa. Miwani inayomfunika mtu macho inaitwa hivyohivyo. Hata vichujio vya kuremba uso kwenye simu vimetiwa kapu hilo. Anayesifu anasifu hili, anayelaani analaani lile, na mkuu wa makumbusho mwenye bajeti ndogo hajui amsikilize nani. Swali lenyewe ni hili: kazi ya sanaa inapovikwa tabaka la kidijitali, inapata nini, inapoteza nini, na nani anayeamua?

Kinachozungumziwa hasa

Uhalisia ulioboreshwa, ambao wengi huuita AR kwa kifupi, una sharti moja: kitu au mahali halisi lazima pawepo na paendelee kuonekana. Hapo ndipo unapotengana na uhalisia pepe, ambao humtoa mtazamaji mahali alipo na kumwingiza kwenye ulimwengu uliotengenezwa wote. Makumbusho ya Louvre yalipoandaa safari ya kumtembelea Mona Lisa kwa miwani mwaka 2019, huo ulikuwa uhalisia pepe. Kumbi za Van Gogh nazo hazina picha halisi ndani yake. Ni filamu iliyotandazwa ukutani. AR hutumia kioo cha simu au miwani ya uwazi, na wakati mwingine mwanga unaomulikwa moja kwa moja juu ya kitu chenyewe.

Asili yake haikuwa sanaa. Mwaka 1968 Ivan Sutherland alitengeneza kifaa cha kichwani kilichoonyesha michoro ya mistari juu ya chumba halisi. Kilikuwa kizito hata ikabidi kining'inizwe darini. Jina lilitoka kwa wahandisi wa Boeing, Tom Caudell na David Mizell, mwanzoni mwa miaka ya 1990, waliokuwa wakitafuta njia ya kuwaongoza mafundi wanaopanga nyaya za ndege. Mwaka 1999 Hirokazu Kato wa Japani alitoa ARToolKit, na Apple na Google walipotangaza zana zao za ARKit na ARCore mwaka 2017, kilichohitaji maabara kiliingia mfukoni.

Inavyofanya kazi si siri. Kamera hutafuta alama: kona, ncha, mahali giza linapokutana na mwanga. Programu huzilinganisha alama hizo na nakala ya picha iliyohifadhiwa, hupiga hesabu ya umbali na pembe ya simu, kisha huchora tabaka jipya mara makumi kwa sekunde ili lisiteleze mkono unaposogea.

Utaratibu huu una upendeleo wake. Picha ya Tingatinga, yenye madoadoa, mistari minene na rangi zinazopigana, ni rahisi kutambuliwa. Turubai la rangi moja ni gumu. Lakini picha hiyohiyo ya Tingatinga hupakwa rangi inayong'aa, na taa ikiipiga, mng'ao unaweza kuipofusha kamera. Isitoshe, twiga walewale chini ya mbuyu uleule huchorwa na mikono mingi, na programu iliyofundishwa picha moja inaweza kumpa mchoraji huyu hadithi ya mwenzake. Mambo madogo kama haya ndiyo yanayoamua kama mradi utafanya kazi ukutani au utabaki kwenye video ya matangazo.

Pale kitu kilipopotea

Hoja yenye nguvu kuliko zote upande wa wanaounga mkono ni ya urejeshaji, na mfano wake bora uko Harvard. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mark Rothko alichora picha kubwa za ukutani kwa ajili ya chumba cha kulia katika jengo la Holyoke Center la chuo hicho. Chumba kilikuwa na madirisha makubwa, na wekundu aliochanganya, uitwao Lithol Red, haustahimili jua. Rangi zikafifia mwaka hadi mwaka. Mwaka 1979 picha ziliondolewa na kuwekwa ghalani. Kuzipaka upya hakukuwezekana: Rothko aliacha rangi zake bila kuzifunika kwa vanishi, hivyo kila rangi mpya ingeingia kwenye kazi yake na isingetoka tena.

Mwishoni mwa 2014 zilirudi mbele ya umma. Wataalamu walizitafuta rangi za awali kwa kutumia picha za kamera za zamani na turubai la sita ambalo halikuwahi kutundikwa kwenye jua. Wakahesabu, nukta kwa nukta, tofauti kati ya kilichokuwapo na kilichobaki. Kisha projekta ikaimwagia kila sehemu ya turubai ule mwanga uliopungua tu, si zaidi. Wekundu ukarudi. Na kila siku saa kumi alasiri projekta zilizimwa, mgeni akabaki na turubai lilivyo: lililopauka, la kweli, lenye historia yake yote ya jua na uzembe.

Saa kumi ile ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa makini. Maadili ya uhifadhi wa sanaa yanataka kila kinachoongezwa kiweze kuondolewa bila kudhuru, na mtazamaji aweze kujua kipi ni cha msanii na kipi ni cha mtengenezaji. Mwanga unatimiza masharti yote mawili kuliko brashi yoyote. Hata hivyo wapo waliouliza kama kilichoonekana kilikuwa Rothko au kumbukumbu ya Rothko, na swali hilo ni halali. Harvard walilijibu kwa njia iliyo sahihi: wakaonyesha vyote viwili, siku moja, mahali pamoja.

Boston, ng'ambo ya mto tu kutoka Harvard, upotevu ni wa aina nyingine. Usiku wa Machi 18, 1990, wanaume wawili waliovaa sare za polisi waliingia makumbusho ya Isabella Stewart Gardner na kuondoka na kazi 13, zikiwamo picha za Rembrandt, Vermeer na Manet. Hakuna iliyopatikana mpaka leo, na zawadi ya dola milioni 10 bado ipo mezani. Kwa kuwa wasia wa Gardner, mwanzilishi wa makumbusho hayo, ulikataza mpangilio wake kubadilishwa, fremu zinaendelea kuning'inia tupu. Mwaka 2018 kampuni ya Cuseum ilitengeneza, bila makumbusho yenyewe kushiriki, programu iliyorudisha picha ndani ya fremu: unaelekeza simu kwenye nafasi tupu, na dhoruba ya Rembrandt katika Bahari ya Galilaya inatokea.

Hapa hoja inaanza kuwa ngumu. Fremu tupu zinasema jambo. Zinamkumbusha kila mgeni kwamba kuna wizi haujatatuliwa na kwamba umma umeibiwa. Kuzijaza kwa kioo cha simu kunamfundisha mgeni ukubwa na mahali pa kazi iliyoibwa, faida ambayo kitabu hakiwezi kuitoa. Wakati huohuo kunapunguza uchungu wa pengo lenyewe. Uzito unaegemea upande wa programu kwa sababu moja tu: hailazimishwi. Asiyetaka anatazama pengo.

Kuna hatari nyingine ambayo watetezi huipita haraka. Urejeshaji mwingi ni makisio. Detroit Institute of Arts ilipozindua programu yake ya Lumin mwaka 2017, wageni waliweza kuona mifupa ndani ya maiti iliyohifadhiwa ya Kimisri na rangi juu ya mchongo wa kale wa Mesopotamia uliokwisha kuwa jiwe tupu. Mifupa ilitokana na vipimo. Rangi za mawe ya kale hutegemea mabaki machache na uamuzi wa mtaalamu. Kioo cha simu huvionyesha vyote kwa ung'avu uleule, na macho hayatofautishi ushahidi na dhana. Programu isiyoweka alama ya wazi kati ya hivyo viwili inampotosha mgeni, hata nia ikiwa njema.

Sekunde 27

Wapinzani wana hoja yao kuu, nayo inaanzia kwenye saa ya mkononi. Mwaka 2001 Jeffrey na Lisa Smith walichapisha utafiti uliofanywa katika Metropolitan Museum, New York: mgeni alitumia kwa wastani sekunde 27.2 mbele ya kazi maarufu, na nusu ya watazamaji hawakuzidi sekunde 17. Waliporudia kipimo huko Art Institute of Chicago, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalikuwa karibu yaleyale, ila sasa sehemu ya muda huo ilikwenda kwenye kujipiga picha na kazi.

Ukiichukua simu ukaiweka katikati ya sekunde hizo, wanasema, umekula muda wote. Mgeni anatafuta mtandao, anapakua, anasubiri, anatafuta pembe, kisha anatazama kioo chenye upana wa kiganja huku turubai la mita mbili liko mbele yake. Rangi ya kioo si rangi ya mchoro, na unene wa rangi, ule mgongo wa brashi unaoshika kivuli, haupo kabisa. Hoja hii ni nzito. Haijibiwi kwa kusema vijana wanapenda simu.

Inajibiwa kwa kuangalia kazi iliyobuniwa vizuri. Art Gallery of Ontario, Toronto, ilimwalika Alex Mayhew mwaka 2017 kutengeneza ReBlink, ambamo wahusika wa picha za zamani za makumbusho hayo walipewa maisha ya leo, pamoja na simu zake. Utani wake haueleweki kwa asiyetazama picha ya awali. Ili ujue kilichobadilika, sharti uteremshe simu, uangalie turubai, uinue tena. Simu hapo inamsukuma mtu arudi kwenye mchoro.

Kipimo cha haki, basi, ni mwelekeo wa macho. Tabaka linalomwacha mtu kwenye kioo limeshindwa, hata likiwa na picha zinazoruka na muziki. Tabaka linalomfanya agundue mkono uliofichwa kwenye kivuli au tabaka la chini ambalo mchoraji alilifuta limefanya kazi yake. Picha nyingi zinazojitosheleza hazihitaji chochote. Kuwapa wahusika wa mchoro mzima, usio na pengo, uwezo wa kupepesa macho na kupunga mikono ni kumnyang'anya mchoraji uamuzi wake mkuu, ule wa kusimamisha wakati pale alipotaka.

Nani mwenye nafasi iliyo mbele ya picha?

MoMAR hawakuwa wa kwanza. Oktoba 2010 Sander Veenhof na Mark Skwarek walitumia programu ya Kiholanzi iitwayo Layar kuweka maonyesho yasiyoalikwa ndani ya MoMA hiyohiyo. Hoja yao ilikuwa ya milango. Kuta za makumbusho makubwa zinatawaliwa na wachache. Nafasi ya kidijitali iliyo mbele ya kuta hizo haina mlango wala mlinzi, hivyo msanii asiye na jina anaweza kuingia. Kwa wasanii wa Afrika, ambao kazi zao zimesubiri sana kwenye milango hiyo, hoja hii ina mvuto wa pekee.

Upenyo huohuo unapitiwa pia na wenye nguvu. Oktoba 2017 Snapchat na mchongaji maarufu Jeff Koons waliweka sanamu zake kubwa za kidijitali katika bustani za miji mbalimbali, ikiwamo Central Park. Msanii Sebastian Errazuriz akatengeneza nakala ya mbwa wa puto wa Koons, akaijaza maandishi ya ukutani, akaiweka kwenye eneo lilelile kupitia programu nyingine. Alitaka kampuni zilipe kodi kwa kutumia nafasi ya umma. Mwaka mmoja kabla, mchezo wa Pokémon Go ulikuwa umewapeleka wachezaji hadi ndani ya makumbusho ya Holocaust ya Washington na kambi ya Auschwitz, na taasisi hizo zikalazimika kuomba ziondolewe. Hakuna aliyeziuliza kabla.

Sheria inasema nini? Mkataba wa Berne, katika kifungu cha 6bis kilichoongezwa mwaka 1928, unampa msanii haki ya kupinga kuharibiwa au kubadilishwa kwa kazi yake kwa namna inayomvunjia heshima. Tanzania na Kenya ni wanachama, na sheria zao, ile ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 na ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, zinatambua haki hizo za kimaadili. Walioandika kifungu kile walifikiria kisu na rangi. Je, tabaka linaloonekana kwenye simu ya mtu mmoja ni kubadilisha kazi? Turubai halijaguswa. Lakini kifungu kinalinda heshima ya msanii pamoja na kitambaa chake, na heshima inaweza kuvunjwa kwenye kioo kama inavyovunjwa ukutani.

Kuna jambo la pili ambalo halisemwi mara nyingi. Ili programu iitambue picha, lazima kwanza itunze nakala yake, au walau vipimo vilivyotolewa kwenye nakala hiyo. Kwa picha ya Rembrandt hilo halina shida, kwa kuwa haki za mali zimekwisha. Kwa mchoraji aliye hai wa Dar es Salaam au Nairobi, kunakili kazi yake kwa ajili ya programu ya kibiashara ni matumizi yanayopaswa kuombewa ruhusa na kulipiwa.

Kazi zilizozaliwa kwenye tabaka

Mjadala wa kuongezea sanaa ya zamani mara nyingi husahau kwamba kuna kazi ambazo haziongezei kitu. Tabaka ndilo kazi. Mwaka 2012 John Craig Freeman alichukua rekodi za mahali ilipookotwa miili ya wahamiaji waliokufa wakivuka jangwa la mpaka wa Marekani na Meksiko, na kila mahali hapo akasimamisha kiunzi cha mifupa kama vile vya sikukuu ya wafu ya Wameksiko. Jangwani hakuna kaburi wala jiwe. Ukiinua simu, upeo wa macho unajaa. Hakuna sanamu ya shaba ambayo ingeweza kufanya hivyo, kwa gharama wala kwa ruhusa.

Tamiko Thiel na Peter Graf, anayetumia jina la kisanii /p, walitengeneza Unexpected Growth kwa ajili ya Whitney Museum mwaka 2018. Baraza ya makumbusho katikati ya jiji inaonekana imezama baharini, na matumbawe yanachipuka kila upande. Ukisogea unagundua kwamba yametengenezwa kwa taka za plastiki. Kadiri watu wengi wanavyoyatazama, ndivyo yanavyopauka. Msomaji wa pwani ya Kenya na Tanzania, ambako joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe kwa wingi, hahitaji kuelezwa kinachosemwa. Nguvu ya kazi ile iko kwenye tendo la kutazama lenyewe, ambalo ndilo linaloleta madhara. Uchoraji wa kawaida hauwezi kumhusisha mtazamaji kwa namna hiyo.

Maisha mafupi

Hapa ndipo shauku inapaswa kupoa. Lumin ya Detroit ilijengwa juu ya Tango, mfumo wa Google uliohitaji simu maalumu. Ilizinduliwa Januari 2017. Google ikaacha kuuhudumia mfumo huo Machi 2018. Layar ilinunuliwa na kampuni ya Blippar mwaka 2014, na huduma yake ilipokoma, kazi zilizoitegemea zilinyamaza. Meta ilifunga jukwaa lake la kutengenezea kazi za AR, Spark, Januari 14, 2025, na kazi walizotengeneza watu wengine juu yake zikaondolewa siku hiyohiyo. Wasanii walioweka miaka ya kazi pale walibaki na video za ukumbusho.

Chanzo ni mpangilio wa biashara. Msanii hamiliki chombo. Anakikodi kwa kampuni inayokibadilisha kila soko linapobadilika. Mchoraji anayeuza picha yenye video iliyofichwa ndani hulipia huduma ya mtandao kila mwezi. Akiacha kulipa, au kampuni ikifa, picha iliyoko sebuleni kwa mnunuzi inakuwa bubu, na mnunuzi anaona amedanganywa. Rangi ya mafuta ikitunzwa hukaa karne.

Njia ya kujikinga ipo. Thiel na Graf walitengeneza ARpoise, jukwaa la msimbo huria, ili kazi zisitegemee kampuni moja. Inahitaji ujuzi na mtu wa kuitunza, lakini mafaili yanabaki mikononi mwa aliyeyatengeneza. Makumbusho yanayonunua kazi ya AR leo yanapaswa kununua pamoja nayo msimbo, mifano ya pande tatu, maelezo ya maandishi na video ya kazi ikitumika. Bila hivyo yamenunua kiungo cha mtandao.

Mifupa ya Tendaguru na ngoma ya Wapokomo

Afrika Mashariki ina uhusiano na mjadala huu uliotangulia simujanja. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walifukua katika kilima cha Tendaguru, Lindi, mifupa ya dinosaria mkubwa ambaye leo amesimama Museum für Naturkunde, Berlin, akiwa na kimo cha mita 13.27. Mwaka 2007 makumbusho hayo yaliweka vifaa viitwavyo Juraskop, vinavyofanana na darubini. Ukichungulia, mifupa inavaa viungo vya ndani, misuli na ngozi, kisha mnyama anaanza kutembea. Ni moja ya matumizi mazuri ya awali ya teknolojia hii: mgeni anatazama mifupa ileile, kwa macho mapya.

Lakini kila tabaka ni uchaguzi. Darubini zile zilitengenezwa kumfufua mnyama. Mifupa hiyo ilichimbwa na mamia ya wafanyakazi wenyeji wakisimamiwa na watu kama Boheti bin Amrani, ikabebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Teknolojia inayoweza kuurudishia mfupa nyama inaweza pia kumrudishia mpagazi sura na jina. Anayepanga tabaka ndiye anayeamua historia ipi itaonekana, na jambo hilo lina uzito kuliko ubora wa kamera.

Kisha kuna mali za kisanaa zilizochukuliwa. Mradi wa International Inventories ulihesabu zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyomo katika taasisi za nje, na mwaka 2021 maonyesho ya Invisible Inventories jijini Nairobi yaliweka makabati matupu mbele ya wageni. Ni rahisi kuona mfadhili akijitokeza kuyajaza makabati hayo kwa AR. Kundi la Looty, lililoanzishwa na Chidi Nwaubani na Ahmed Abokor, limekwenda njia hiyo kwa makusudi ya kisiasa: mwaka 2023 waliskani Jiwe la Rosetta ndani ya British Museum kwa vifaa vya LiDAR, vinavyopima umbo la kitu kwa miale ya leza, na kuliweka kidijitali mjini Rashid, Misri, mahali lilikookotwa mwaka 1799. Kitendo kile kilizitia taasisi kubwa aibu ziliyostahili.

Tatizo linakuja pale aibu inapogeuzwa kuwa suluhisho. Ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo wa Tana, ilichukuliwa na maofisa wa kikoloni wa Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 20 na imo katika ghala la British Museum. Ngoma ile hushikwa, hupigwa, na sauti yake ilikuwa na mamlaka juu ya jamii. Ilikuwa chombo kitakatifu ambacho hakikuwa cha kutazamwa na kila mtu. Ngadji ya kwenye simu haina uzito wala ngozi ya kutetemeka, na inaweza kufunguliwa na yeyote popote, jambo ambalo wazee wenyewe huenda wasilikubali. Kenya ina Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Semi za Kitamaduni ya 2016; ruhusa ya jamii si hisani. Tena urejeshaji wa kweli unawezekana: mwaka 2023 Illinois State Museum ilikabidhi Kenya vigango 37 vya Wamijikenda, yaani nguzo za kuwakumbuka wafu, miti yenyewe, si picha zake.

Gharama nazo zinahesabika. Kwa takwimu za GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani, karibu asilimia 27 tu ya watu wa Afrika kusini mwa Sahara walikuwa wakitumia intaneti ya simu mwaka 2023. Programu nzito inayodai simu mpya na bando kubwa inawaacha nje wanafunzi haohao ambao makumbusho yanasema yanawalenga. Simu za kuazima mlangoni na mafaili yanayokaa ndani ya simu bila mtandao hupunguza pengo hilo, lakini vinahitaji bajeti ya kila mwaka, wakati fedha za miradi huisha na sherehe ya uzinduzi.

Mizani

Ukiziweka hoja zote pamoja, jibu halifanani kwa kila kazi. Pale ambapo kitu kimefifia, kimeibiwa au kimefichika, na kuna ushahidi wa jinsi kilivyokuwa, AR ina faida ambayo hakuna chombo kingine kinachoitoa kwa usalama huo. Pale ambapo msanii ameitunga kazi kwa ajili ya tabaka tangu mwanzo, ni sanaa kamili na ihukumiwe kama sanaa. Pale ambapo mchoro ni mzima na upo mbele ya mtazamaji, mzigo wa kuthibitisha uko kwa anayetaka kuongeza, na mara nyingi hataweza kuubeba.

Uvamizi wa kisanii kama wa MoMAR una thamani ya upinzani, na haufai kuwa utaratibu wa kazi. Taasisi inayovika tabaka kazi ya mtu aliye hai bila ridhaa yake, au kitu kitakatifu bila ridhaa ya wenyewe, imekosea hata kama hakuna mahakama iliyowahi kutoa hukumu.

Kwa makumbusho na wafadhili wa Afrika Mashariki, mpangilio wa matumizi unapaswa kubadilika. Fedha ya kwanza iende kwenye kuorodhesha, kupiga picha na kuskani makusanyo kwa viwango vinavyodumu, na kwenye kuwalipa wasanii na kuzisikiliza jamii zenye vitu hivyo. Programu ije baadaye, juu ya mafaili ambayo taasisi inayamiliki. Na mkurugenzi atakayeletewa mkataba wa AR kesho adai majibu matatu kwa maandishi kabla ya kutia saini: nani ametoa ridhaa, mafaili yatabaki kwa nani, na kazi itaonyeshwaje siku kampuni itakapofunga huduma. Asipopata majibu hayo, aukatae mkataba.